Kuhesabu Uchafu wa Oili

Pale Tunduma malori hupanga foleni ndefu kungoja kuvuka kwenda Zambia. Mengi yanaelekea mpaka Kongo. Kila lori lina jeki. Gurudumu likipasuka, dereva huweka jeki chini ya ekseli, hupampu mkono wake juu na chini, na lori lenye tani nyingi huinuka. Dereva huyo hana nguvu za tembo. Nguvu hiyo hutoka wapi?

Ndani ya jeki mna oili. Mna pia pistoni mbili, moja ndogo na moja kubwa. Oili haishindiliki kama pamba au hewa. Ukiisukuma upande mmoja, inasukuma upande wa pili. Dereva anapoisukuma pistoni ndogo, oili hukimbilia chini ya pistoni kubwa na kuiinua. Ikiwa uso wa pistoni kubwa ni mara 20 ya uso wa pistoni ndogo, basi itainua kwa nguvu mara 20. Lakini itapanda kidogo kidogo tu. Ndiyo maana dereva hupampu mpaka jasho linamtoka.

Sasa tazama kitu kimoja kidogo. Katika njia ya oili mna gololi ya chuma. Gololi hiyo hukaa juu ya tundu kama kizibo. Oili ikienda, gololi huinuka na kuipisha. Oili ikitaka kurudi, gololi huziba. Lori hubaki juu kwa sababu ya gololi hiyo. Je, chembe ya mchanga ikinasa kati ya gololi na tundu lake? Oili itapenya pembeni na kurudi ilikotoka. Lori litashuka polepole, bila kelele. Kama utingo yumo chini yake anafungua nati, hatajua lolote mpaka chuma kimguse. Kwa hiyo mtu asiingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake. Aweke kwanza gogo nene au stendi ya chuma.

Chembe hiyo ina ukubwa gani? Na mtu atajuaje kama imo ndani ya oili? Hayo ndiyo tutakayojifunza hapa.

MASHINE ZINAZOTEGEMEA OILI

Kazi ya kusukuma na kuinua vitu kwa nguvu ya oili mafundi huiita haidroli. Tipa huinua bodi lake kwa haidroli. Trekta huinua plau. Greda hushusha kisu chake. Barabara ya kutoka Mpemba mpaka Isongole, yenye kilomita 50 na kitu, ilipokuwa inatengenezwa kwa lami, mashine zilizosukuma udongo zilifanya kazi kwa haidroli. Ndivyo zilivyo pia mashine zinazochimba makaa ya mawe kule Kabulo, katika wilaya yetu ya Ileje.

Reli ya TAZARA, ambayo inapita Tunduma, nayo ina habari yake. Reli hiyo ina urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam mpaka Kapiri Mposhi. Ilijengwa kuanzia mwaka 1970 mpaka 1975, ikakabidhiwa rasmi mwaka 1976. Injini za treni za kwanza zilizotoka China zilipeleka nguvu kwenye magurudumu kwa njia ya oili. Injini ya dizeli ilizungusha pangaboi ndani ya oili. Oili hiyo ikazungusha pangaboi la pili, na la pili likazungusha magurudumu. Mabehewa yote yenye shaba na mahindi yalivutwa na nguvu iliyopita ndani ya oili.

Oili ina kazi nyingine pia, nayo ni kulainisha. Hii tunaijua zaidi. Injini ya mashine ya kusaga ina oili. Giaboksi ina oili. Chuma kinapozunguka juu ya chuma, oili huingia katikati na kuwa kama mkeka mwembamba sana, ili vyuma visigusane. Mkeka huo ukitobolewa, vyuma vinalana.

Katika haidroli na katika kulainisha, adui ni yule yule: chembe ngumu zinazosafiri ndani ya oili.

CHEMBE NI NDOGO KIASI GANI?

Chukua rula ya shule. Tazama mistari yake midogo kabisa. Nafasi kati ya mstari na mstari ni milimita 1. Sasa fikiri kwamba umeigawa milimita hiyo moja katika vipande 1,000 vilivyo sawa. Kila kipande huitwa maikroni.

Unywele wa mtu una unene wa maikroni 70 hivi. Wapo wenye nywele nene zaidi na wapo wenye nyembamba. Mtu mwenye macho mazuri, tena mchana, anaweza kuona kitu cha maikroni 40. Chini ya hapo jicho halioni kitu. Chembe nyekundu ya damu ina maikroni 7 au 8, na ndiyo sababu mganga wa zahanati hutumia hadubini anapotafuta malaria.

Ndani ya pampu ya haidroli, nafasi kati ya chuma na chuma mara nyingi ni maikroni 5 tu. Nyingine hazifiki hata maikroni 1. Kwa hiyo chembe inayoiharibu pampu ni ndogo mara nyingi kuliko chembe ndogo kabisa ambayo jicho lako linaweza kuiona.

Kila chembe ina tabia yake. Chembe kubwa haiwezi kuingia katika nafasi hiyo nyembamba. Hubaki nje, hunaswa na chujio, au huzama chini ya tangi. Chembe ndogo sana huingia na kutoka pamoja na oili. Mbaya zaidi ni ile inayolingana na nafasi yenyewe. Hiyo huingia, hukwama, kisha huburutwa huku inakwaruza pande zote mbili.

Waliopata kusaga ulezi kwa jiwe watalielewa jambo hili upesi. Ulezi ukiwa kati ya mawe mawili, jiwe hushinda na ulezi huwa unga. Ndani ya mashine mambo hugeuka. Chembe ya mchanga hukwaruza hata kioo cha dirisha, na ni ngumu kuliko vyuma vingi. Hapo ulezi ndio unaosaga jiwe! Na unga unaotoka ni unga wa chuma. Unga huo nao huingia katika oili na kwenda kukwaruza mahali pengine. Uchafu wa kwanza huzaa wa pili, na wa pili huzaa wa tatu. Ni kama deni lenye riba juu ya riba.

Kwetu uchafu haupungui. Kuanzia Mei mpaka mvua za Novemba, vumbi huning'inia hewani kila gari linapopita njia za udongo. Trekta linapolima shamba kavu hutembea ndani ya wingu la vumbi. Vumbi hilo huingia kwenye tangi la oili kupitia tundu la kupumulia. Huingia pia pamoja na fimbo ya silinda. Tazama fimbo ile inayong'aa ya kuinulia plau. Inapotoka nje hushika vumbi, na inaporudi ndani huingia nalo, hasa kama mpira wake wa kuzuia oili umechakaa.

JICHO NA UGOMVI WA OILI

Katika vikundi vyenye mashine, ugomvi wa oili ni jambo la kawaida. Nimekaa katika mikutano ya namna hiyo zaidi ya mara moja. Mara nyingi huwa hivi. Mwenyekiti anavuta kijiti cha kupimia oili ya injini ya trekta. Anakiona cheusi tii.

"Mwanangu, wiki iliyopita tulikupa fedha za oili mpya. Mbona hii ni nyeusi kama lami?"

"Mzee, niliweka mpya. Injini ya dizeli ndivyo ilivyo."

"Na ya haidroli mbona haigeuki? Ile tangu mwaka juzi inang'aa kama asali."

Dereva hana jibu, naye mwekahazina anakunja uso. Kabla ya jua kuzama, kijana wa watu ameshaitwa mwizi.

Tuwe wa haki. Oili ya injini ya dizeli huwa nyeusi baada ya saa chache tu za kazi. Masizi ya moto wa dizeli huingia ndani yake. Waliotengeneza oili hiyo wametia dawa ya kuyashika masizi yasigandamane na yasishike kwenye chuma. Chembe moja ya masizi haifiki hata maikroni 1. Weusi huo unaonyesha kwamba oili inaosha injini, kama maji ya kufulia yanavyogeuka rangi. Oili ya injini hubadilishwa kwa kuhesabu saa za kazi zilizoandikwa katika kitabu cha mashine. Rangi yake haikuambii siku ya kuibadilisha.

Na ile ya haidroli inayong'aa? Kila mililita moja, yaani matone 20 hivi, inaweza kuwa na chembe elfu arobaini na bado ikang'aa vile vile. Dereva anaweza kufukuzwa kwa ajili ya oili iliyokuwa nzuri, huku pampu ikiachwa ife kwa oili iliyokuwa mbaya. Kwa maoni yangu, fedha za vikundi vyetu zinapotea zaidi kwa oili inayong'aa kuliko kwa wizi wa oili. Ndiyo sababu mafundi wa dunia waliacha kubishana kwa macho, wakaanza kuhesabu.

JINSI CHEMBE ZINAVYOHESABIWA

Njia ya kwanza ni ya hadubini. Mpimaji huchukua mililita 100 za oili, akaichanganya na dawa safi ya kuifanya nyepesi. Kisha huivuta ipite katika karatasi nyeupe ya pekee yenye matundu madogo sana. Oili hupita, uchafu hubaki juu. Karatasi hiyo huwekwa chini ya hadubini. Imechorwa miraba, na mpimaji huhesabu chembe katika miraba michache, halafu hupiga hesabu ya karatasi nzima. Ni kazi ya kuchosha macho. Uzuri wake ni kwamba mpimaji anaona chembe zenyewe. Anaweza kusema huu ni mchanga, hiki ni chuma kinachometa, huu ni uzi wa tambara.

Njia ya pili ni ya mtambo. Mchungaji anayetaka kuhesabu mbuzi huwapitisha mmoja mmoja katika mlango wa zizi. Mtambo nao hufanya hivyo. Oili hupitishwa katika mfereji mwembamba sana. Upande mmoja kuna taa kali, upande wa pili kuna kifaa kinachohisi mwanga. Chembe ikipita, kivuli chake huangukia kile kifaa. Kivuli kikubwa ni chembe kubwa, kivuli kidogo ni chembe ndogo. Kwa dakika chache mtambo huhesabu maelfu.

Lakini mtambo haujui kupambanua mbuzi na mbwa. Tone la maji lina kivuli. Povu la hewa lina kivuli. Vyote huhesabiwa kuwa uchafu. Tena oili nyeusi ya injini huzuia mwanga wote, kwa hiyo haipimwi kwa njia hii. Oili ya injini hupimwa kwa kuichoma kidogo ndani ya chombo maalumu na kutazama rangi za mwanga wake. Kila madini yakiungua hutoa mwanga wake. Chuma kikizidi, kuna kitu kinalika ndani ya injini. Silikoni ikizidi, mara nyingi ni vumbi limeingia, labda kwa chujio bovu la hewa. Mashirika ya reli ya Marekani yalianza kupima oili ya treni zao kwa njia hiyo katika miaka ya 1940. Ilikuwa afadhali kuliko kufungua injini nzima ili kuitazama.

Mtambo wa kuhesabu chembe nao unahitaji kupimwa, kama mizani ya duka inavyohakikiwa kwa mawe yenye uzito unaojulikana. Jiwe la mizani hapa ni vumbi! Kwa miaka mingi lilitumika vumbi la jangwa la Arizona, nchini Marekani, lililochekechwa kwa uangalifu mpaka ukubwa wa chembe zake ukajulikana.

KUSOMA NAMBA ZA USAFI

Hapa kisomo kina kazi. Kitabu cha mashine, au karatasi ya majibu kutoka maabara, huonyesha usafi wa oili kwa namba tatu kama hizi: 18/16/13. Alama ya mkwaju iliyo kati yake haina maana ya kugawanya. Wala hiyo si tarehe. Soma "kumi na nane, kumi na sita, kumi na tatu."

Huu ni utaratibu wa Shirika la Kimataifa la Viwango, linalojulikana kama ISO, ambalo Shirika la Viwango Tanzania, TBS, ni mwanachama wake. Utaratibu wenyewe una jina la namba, ISO 4406. Ulitolewa mwaka 1987 ukiwa na namba mbili. Tangu mwaka 1999 una namba tatu.

Namba ya kwanza inahusu chembe zote za maikroni 4 na zaidi. Namba ya pili inahusu za maikroni 6 na zaidi. Namba ya tatu inahusu za maikroni 14 na zaidi. Zote huhesabiwa ndani ya mililita 1.

Namba 18 haina maana ya chembe 18. Ni jina la kundi, kama darasa la shule. Kundi la 18 ni oili yenye zaidi ya chembe 1,300 mpaka 2,500. Kundi la 16 lina zaidi ya 320 mpaka 640. Kundi la 13 lina zaidi ya 40 mpaka 80. Basi mpimaji akikuta chembe 2,000 za maikroni 4 na zaidi, na kati ya hizo 500 ni za maikroni 6 na zaidi, na kati ya hizo 60 ni za maikroni 14 na zaidi, ataandika 18/16/13. Rudia hesabu hiyo na mwenzako mpaka iwaingie.

Sasa jihadhari. Ukipanda kundi moja, uchafu huongezeka mara mbili. Kundi la 19 linafika 5,000. La 20 linafika 10,000. La 21 linafika 20,000, la 22 linafika 40,000, la 23 linafika 80,000. Mtu asiyejua hesabu hii akiona 18 na 23 atasema, "Tofauti ni tano tu, si kitu." Kumbe ni 2 mara 2 mara 2 mara 2 mara 2. Oili ya 23 ina uchafu mara 32 ya ile ya 18. Kosa la namna hiyo katika kusoma linaweza kuua pampu.

Pampu nyingi za haidroli zenye pistoni hutaka oili isiyozidi 18/16/13 hivi. Pampu za meno huvumilia zaidi kidogo, labda 20/18/15. Lakini neno la mwisho ni la kitabu cha mashine yenyewe.

Utakuta pia vitabu vingine vinataja NAS 1638. Hiyo ni kanuni ya Marekani ya mwaka 1964, iliyoandikwa kwa ajili ya ndege. Makundi yake huanzia 00 mpaka 12, na huhesabu chembe katika mililita 100. NAS 7 hukaribiana na 18/16/13. Kwa hiyo usilinganishe 7 ya huku na 18 ya kule ukadhani moja ni safi kuliko nyingine. Ni kama debe na kilo.

OILI MPYA NI SAFI?

Watu wengi hushangaa wakiambiwa kwamba oili mpya ndani ya pipa si lazima iwe safi. Mara nyingi ikipimwa, namba yake ya kwanza hukutwa 20 au zaidi. Imepita katika matangi, mabomba na mapipa, na kila mahali imeokota kitu. Pampu inayotaka 18 ikiwekewa oili ya 20, imepewa uchafu mara 4 siku ya kwanza.

Halafu sisi huongeza wetu. Pipa likisimamishwa nje, maji ya mvua hutuama juu yake, kuzunguka vifuniko. Mchana pipa hupata joto na hewa ya ndani hutoka kidogo. Usiku hupoa na kuvuta. Kinachovutwa ni yale maji ya juu, pamoja na vumbi lake. Mtu ataapa kwamba hajafungua pipa, naye anasema kweli. Weka pipa ndani ya nyumba. Kama hakuna nafasi, lilaze, na vifuniko vyake viwili viwe mmoja kushoto na mmoja kulia kwa usawa mmoja, ili oili iliyo ndani ivifunike na kuzuia hewa kuingia.

Faneli iliyotundikwa ukutani bila kufunikwa ni sahani ya vumbi. Dumu lililokuwa na maji lina maji bado. Tambara la nyuzi huacha nyuzi. Wengine huchuja oili kwa khanga. Matundu ya khanga ni makubwa mara nyingi kuliko chembe tunazozitafuta. Khanga itazuia majani na mende, basi.

Chujio la kiwandani, au filta kama mafundi wanavyosema, ni jambo lingine. Hata hivyo machujio hayalingani. Mazuri huandikwa namba iitwayo beta. Chujio lenye beta 200 kwa maikroni 10 maana yake ni kwamba zikiingia chembe 200 za maikroni 10 na zaidi, inaponyoka 1. Lenye beta 2 huachia 1 katika kila 2. Madukani yote mawili yamepakwa rangi nzuri na yana ukubwa mmoja. Dereva akirudi na chujio la bei nafuu, mwekahazina asimsifu kabla ya kusoma maandishi.

VIPIMO VYA KIJIJINI

Hatuna maabara Isongole. Lakini vipo vipimo vichache tunavyoweza kufanya wenyewe. Havihesabu chembe. Vinatuonya tu.

Tia oili ya haidroli katika chupa nyeupe ya kioo, safi na kavu. Iache usiku mzima mahali pasipotikiswa. Asubuhi mulika kwa tochi kutoka chini. Mashapo yakionekana, hali ni mbaya sana, kwa maana jicho limeona. Oili ikiwa na ukungu kama maji ya mchele, ina maji au hewa. Hewa huondoka baada ya muda, maji hubaki.

Kwa maji kuna kipimo cha mlio. Pasha moto kipande cha bati kwenye mkaa, nje ya nyumba, mbali na mafuta na watoto. Kisha kiondoe motoni na udondoshe tone moja tu la oili. Likitulia na kutoa moshi, hakuna maji mengi. Likipasuka na kulia kama chumvi motoni, kuna maji. Simama mbali ili lisikurukie machoni.

Kwa oili ya injini, dondosha tone moja kwenye karatasi nyeupe inayonyonya, uliache mpaka kesho. Tone jema husambaa taratibu, weusi ukififia kuelekea pembeni. Likiacha duara jeusi la katikati lenye ukingo mkali, oili imeshindwa kuyabeba masizi, na siku zake zimekwisha.

Sumaku ya spika ya redio iliyokufa nayo inafaa. Iweke chini ya sahani nyeupe yenye oili iliyomwagwa kutoka giaboksi, uisogeze huku na huku. Unga mwembamba wa kijivu unaotembea na sumaku ni wa kawaida kidogo. Vipande vinavyoonekana kimoja kimoja ni habari nyingine: mwite fundi kabla ya kuwasha mashine tena.

Usipime oili kwa kuisugua vidoleni kila siku. Oili chafu ya injini ikizoea ngozi huweza kuleta saratani. Na usitafute kamwe mvujo wa haidroli kwa mkono wakati mashine inafanya kazi. Oili inayotoka katika tundu dogo kama la sindano ina nguvu ya kupenya ngozi na kuingia mwilini. Jeraha lake huonekana dogo, lakini mtu anaweza kukatwa mkono. Pitisha kipande cha boksi. Aliyechomwa apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, hata kama hasikii maumivu.

KUPELEKA SAMPULI

Kikundi chenye trekta au mashine kubwa kinaweza kupeleka sampuli ya oili ya haidroli maabara mjini. Ombeni chupa kutoka kwao. Chupa ya soda iliyosuuzwa kwa maji ya bomba ina chembe zake, na maabara watahesabu uchafu wa chupa badala ya uchafu wa trekta.

Chukueni oili mashine ikiwa imetoka kufanya kazi, ingali na joto, kabla uchafu haujatuama. Kabla ya kufungua tangi, lifuteni vumbi lote kuzunguka kifuniko. Chukueni oili ya katikati ya tangi, si ya chini wala ya juu. Mkitumia mpira wa kuvutia, oili ya kwanza inayopita katika mpira imwagwe, ya pili ndiyo iingie chupani. Fungeni mara moja.

Kwenye chupa bandikeni karatasi. Mwenye mwandiko mzuri aandike: jina la kikundi, aina ya mashine, sehemu oili ilikotoka, jina na namba ya oili kama ilivyo kwenye pipa, tarehe, saa ambazo mashine imefanya kazi tangu ilipokuwa mpya, na saa ambazo oili hiyo imetumika. Bila saa hizo maabara hawawezi kusema kama chembe walizoziona ni nyingi au ni za kawaida.

Nakala ya maneno hayo iandikwe katika daftari la oili. Daftari hilo liwe na safu ya lita zinazoongezwa pia. Trekta lililokuwa linaongezewa lita 1 kwa mwezi na sasa linaongezewa lita 1 kwa wiki, linavuja mahali. Na mahali oili inapotokea, vumbi huingilia.

Majibu yakirudi, yaandikwe mstari unaofuata. Tuseme mwezi Juni kikundi kimepata 22/20/17. Fundi akaimwaga oili, akaliosha tangi, akabadilisha chujio na mpira wa silinda uliochakaa, akaweka oili mpya kwa kuipitisha katika chujio. Baada ya saa 50 za kazi sampuli ya pili ikapelekwa, ikarudi 19/17/14. Kila namba imeshuka kwa makundi 3. Pigeni hesabu ubaoni: 2 mara 2 mara 2. Chembe zimepungua mara 8, ingawa chupa ya kwanza na ya pili, mkiziweka pamoja dirishani, zote mbili zinang'aa kama asali.